Kalamu Nyekundu ya Chiriku

Watu wakimwona daktari anakohoa, au nyumba ya fundi wa mabomba inavuja, hucheka na kusema kinyozi hajinyoi. Husema kwa kejeli, kana kwamba kinyozi ni mvivu. Lakini methali hii haina kejeli hata chembe. Kinyozi hajinyoi kwa sababu kisogo chake hakioni, na akishikilia ubishi atajikata. Aliyeyajua haya kwa kuumia ni mwandishi mmoja wa kujitegemea, aliyeitwa na mtaa mzima Mama Malezi.

Jina hilo lilitokana na gazeti. Kila wiki lilichapisha safu yake: namna ya kumlaza mtoto asiyetaka kulala, namna ya kumjibu mtoto mwenye maswali ya kumtoa mtu jasho. Wazazi walimsimamisha hata kwenye foleni ya benki kumwomba ushauri, naye aliutoa bila kinyongo. Safu ndiyo iliyolipa kodi na karo. Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa kwenye riwaya. Miaka nenda miaka rudi aliiandikia kwenye meza ya chakula, akisukuma sahani huku na madaftari ya mwanawe kule, mpaka mchapishaji mmoja akaipokea. Akaipokea kwa sharti.

"Sura ya mwisho imekufa," mhariri alimwambia kwenye simu bila kumung'unya maneno. "Msichana wako ameachwa na babake miaka mitatu. Baba anarudi, na mtoto anamhutubia kama wakili. Usipoifufua kabla ya mwisho wa mwezi, kitabu hakitoki."

Mama Malezi aliahidi kujaribu. Akajifungia chumbani, akaandika na kufuta, akaandika na kufuta. Mlangoni akabandika karatasi: MAMA ANAFANYA KAZI. Binti yake wa miaka tisa waliyembandika jina Chiriku, kwa kuwa tangu anafumbua macho asubuhi mdomo wake haukupumzika, alikuwa akipita pale mlangoni kimya kabisa. Mama akamshukuru Mungu kwa utulivu ule.

Jumapili moja wifi yake, mwalimu wa hesabu asiyejua kuficha la moyoni, alikuja kuwajulia hali maana kaka yake alikuwa safarini kikazi. Hakumaliza hata kikombe cha chai.

"Wifi," akasema, "huyu Chiriku wenu kanyamaza lini?"

"Anakua tu, wifi yangu."

"Anakua? Nimemuuliza habari za shule, kanijibu 'nzuri' kama karani aliyechoka. Wewe si ndiye unayewafundisha watu? Au gazeti lako hulisomi?"

Mama alicheka, lakini akainuka. Alikwenda akapiga magoti mbele ya bintiye, akamshika mikono, akalainisha sauti. "Naona kuna jambo linakusumbua. Ungependa kuniambia moyo wako unajisikiaje?"

Chiriku akamtazama. "Hayo ni ya gazetini, mama. Wiki ile ya watoto wanaonuna."

"Basi niambie kwa maneno yako."

"Nikikuambia, utaandika."

Ilibidi shangazi mtu aketi katikati ndipo habari ikatoka kipande kipande. Safu moja ya karibuni ilikuwa imemtaja mtoto wa jirani ambaye, pamoja na ukubwa wake, hapati usingizi bila kukumbatia sweta kuukuu la mama yake. Mtoto huyo wa jirani hakuwapo. Mama alikuwa amemgeuza binti kuwa mvulana na sweta la kijani kuwa jekundu, akadhani amemficha. Lakini rafiki mmoja wa Chiriku aliwahi kulala pale nyumbani, akaliona sweta, na mwalimu aliposoma makala ile darasani, rafiki huyo alicheka mpaka akaulizwa anacheka nini, akaeleza. Tangu siku hiyo, shuleni, Chiriku aliitwa Sweta.

Mama alitamani ardhi ipasuke immeze. Ni yeye aliyewaandikia watu, tena si mara moja, kwamba siri ya mtoto ni amana.

"Nisamehe, mwanangu. Sitaandika tena mambo yako."

"Utayajuaje kuwa ni yangu?" Chiriku akauliza. "Hata lile ulidhani umelibadilisha."

Mwandishi mzima alimwangalia wifi yake, wifi naye akaangalia dari. Mwishowe mama akaenda kuleta makala ya wiki ile, ambayo ilikuwa bado haijatumwa, pamoja na kalamu nyekundu. "Basi soma wewe kwanza," akasema. "Chochote kilicho chako, kikate."

Chiriku alisoma huku midomo ikichezacheza, kisha akaikata aya nzima, ile ile mama aliyokuwa akijivunia. Mama hakupinga. Makala ikaenda gazetini bila aya ile, na ya wiki iliyofuata ikapita kwenye kalamu hiyo hiyo. Siku moja alasiri, mama akimenya viazi jikoni, mtoto akauliza kama anayepita tu, "Na kile kitabu?"

Mama akasita. Hata mumewe hakuwahi kukisoma. Lakini mwezi ulikuwa ukingoni na sura ilikuwa imekufa vile vile. Akajifuta mikono, akamletea, akarudi kwenye viazi vyake.

Chiriku hakukata neno moja wala mawili. Alikata kila alichosema msichana wa hadithini, ukurasa baada ya ukurasa, bila haraka, kama mtu anayechambua mchele. Kisu cha mama kikasimama kwenye kiazi.

"Mbona umemnyamazisha, mwanangu?"

"Babake kaondoka miaka mitatu. Hawezi kumwambia yote siku moja. Hata mimi wewe sijakuambia yote."

"Sasa angefanya nini?"

Chiriku akafikiri. "Angemsogezea kiti. Halafu angoje aone kama atakaa."

Mama alimtazama mtoto huyu aliyemzaa mwenyewe, mwenye wino vidoleni na miguu isiyofika sakafuni, akastaajabu mambo haya yalikuwa wapi siku zote alizokuwa akiyatafuta nyuma ya mlango uliofungwa. Machozi yalimlengalenga, wala hayakuwa ya uchungu.

"Naomba nikiandike hicho kiti," akasema taratibu. "Ni chako, ndiyo maana naomba."

"Andika. Lakini usiseme ni mimi."

Akaandika. Siku mhariri alipopiga simu, alikohoa kidogo kwanza. "Pale kwenye kiti nimelia ofisini, watu wananiona. Kitabu kinakwenda kuchapwa. Nilijua ungejisahihisha mwenyewe."

"Sikujisahihisha."

"Nani kakusaidia, basi?"

Mezani, Chiriku alikuwa akisimulia ugomvi wa shuleni, mdomo umejaa mkate, habari haijulikani itaishia wapi.

"Sina ruhusa ya kusema," mama akajibu, akaaga, akageuka kumsikiliza mwanawe. Vichwa vya watoto wa watu alikuwa amevinyoa vyote kwa ustadi, lakini chake kilingoja mkono mdogo wa bintiye: kweli, kinyozi hajinyoi.