Mluzi Kutoka Bondeni

Nipeni masikio, nami nitawapa visiwa saba na watu waliozungumza kwa miluzi, mlima hadi mlima. Kwao, kuacha mluzi bila jibu kulikuwa aibu kubwa kuliko kumnyima mgeni maji.

Wakaja Wazungu na farasi na chuma. Wakateka kisiwa baada ya kisiwa, wakawapakia watu merikebuni. Kwenye kilele cha kisiwa cha mwisho akabaki Tasirga, mchunga mbuzi, peke yake.

Zimwi la mlima, ambalo sasa halikuwa na watu wa kuwatisha, likamfunika kwa ukungu. "Humu hutaonekana, binti. Lakini ukimjibu yeyote, ukungu utaondoka. Utaweza, na mdomo wako huo wa ndege?"

"Nitaweza, babu."

Siku ya kwanza, mama yake alipiga mluzi kutoka merikebuni: "Upo?" Tasirga akauma kidole. Siku ya pili akaita kaka yake: "Upo?" Akaziba masikio. Merikebu zikatokomea.

Ukapita mwaka. Ndipo mluzi wa tatu ukapanda kutoka bondeni, mbovu, wenye kigugumizi. Alikuwa askari wa Kizungu aliyeachwa peke yake kulinda ngome. Neno hilo moja alijifunza kwa mateka. "Upo?"

"Huyo adui, mwanangu," zimwi likanong'ona.

"Najua, babu. Lakini ameuliza."

Akajibu: "Nipo."

Ukungu ukaondoka. Askari akamwona, akashusha upinde wake. Tasirga akampigia mluzi mrefu, habari zote za mwaka mzima. Naye, kwa kuwa hakujua neno lingine, akauliza tena, "Upo?"