Aliyeandikiwa "Nione"

Ndugu zangu, kabla hatujasimama kuomba, niwape habari ya binti mmoja. Jina lake silitaji, maana nikilitaja mtaanza kugeuza shingo kuangalia viti vya nyuma wanakokaa wanachuo wetu.

Binti huyu alikuwa mwaka wa pili, akisomea sayansi ya tiba. Dada yake mkubwa alifariki kwa siko seli akiwa na miaka tisa, na tangu siku ya msiba ule binti aliweka neno moyoni: nitakua, niichungulie hiyo damu kwa macho yangu, nijue ina nini. Basi siku moja likatoka tangazo. Taasisi ya utafiti, inayochunguza ugonjwa uleule, inatafuta mwanafunzi wa kufanya nao kazi maabara likizo ndefu yote. Mwanafunzi mmoja tu, nchi nzima! Mwombaji alete barua ya mhadhiri aliyemfundisha maabara, na siku ya usaili aje na daftari lake la vipimo la mwaka mzima.

Alipofika kwenye neno "daftari", furaha yote ikamwisha.

Mnajua kwa nini? Muhula uliopita walipewa kipimo cha sukari. Unachanganya, unachemsha, unasubiri. Dawa ya buluu ikikutana na sukari inageuka rangi ya tofali. Darasa zima, wanafunzi hamsini na watatu, walitumia dawa ya chupa moja. Na ninyi mliopita vyuoni mnaujua utaratibu: daftari la aliyetangulia halitupwi, linarithiwa. Jibu linajulikana kabla moto haujawashwa. Wenzake wakachemsha kidogo kwa heshima ya mwalimu, kisha wakanakili. Msicheke, wengine leo ni watumishi wa umma.

Yeye hakuwa na wa kumrithisha. Akachemsha, akasubiri. Buluu. Akarudia. Buluu. Mara ya tatu, buluu ileile. Akaandika: "Rangi haikubadilika. Nimerudia mara tatu. Sijui sababu." Madaftari yaliporudi, wenzake walikuwa na alama za vema. Yeye hakupewa alama yoyote. Pembeni mwa ukurasa palikuwa na neno moja kwa kalamu nyekundu: "Nione."

Jamani, nani humu hajawahi kuandikiwa "Nione"?

Hakwenda. Alisema Jumatatu, ikawa Jumatano, ikawa muhula umekwisha. Akimwona mhadhiri yule anakuja koridoni, anageukia ubao wa matangazo na kusoma hata matangazo ya mwaka juzi. Kila siku aliyochelewa, hofu iliongezeka, na kwa sababu hofu imeongezeka, akachelewa tena. Sasa barua ilitakiwa kwa mhadhiri huyohuyo! Akajikaza kisabuni, akaacha ombi kwa sekretari wa idara, akaondoka mbio.

Baada ya wiki, sekretari akamkabidhi bahasha. Mnazijua bahasha hizo: imefungwa kwa gundi, muhuri umepigwa pale inapofungukia, na sahihi juu ya muhuri. Unabeba habari zako mwenyewe na huruhusiwi kuzisoma. Siku tatu alilala na bahasha ile chini ya mto, na siku tatu usingizi ulimkataa.

Asubuhi ya usaili akamwambia mwenzake wa chumbani, waliyesoma darasa moja, "Shoga, najua alichoandika humu. Kaandika kwamba kazi siijui, kaniita nikamkimbia."

Mwenzake alikuwa anapiga pasi. "Barua huwezi kuigusa. Daftari je? Chukua langu, nakili. Watu wote wana rangi ya tofali, wewe peke yako una buluu na 'sijui'. Nani atampa nafasi mtu anayeandika 'sijui'?"

"Wakigundua?"

"Watagundua nini? Jibu si ndilo hilo?"

Binti akachukua wembe. Akaukata ukurasa wake taratibu, akanakili wa mwenzake kwenye karatasi mpya, akaibandika kwa gundi. Ule wa zamani alitaka kuutupa, akaogopa mtu asije akauokota. Akaukunja mara nne, akausukuma chini kabisa ya mkoba, chini ya maandazi yake ya njiani.

Akaingia. Watu watatu nyuma ya meza, katikati mama mmoja wa makamo, mwenye miwani. "Shikamooni," akasema, na sauti yake mwenyewe akaiona ngeni.

"Marahaba, mwanangu. Kaa, weka mkoba chini. Tupe barua."

Yule mama akaichana bahasha, akasoma kimya. Binti alimtazama mdomo, akitafuta pale hukumu yake. Akawaza kumwambia mama yake nyumbani, "Nafasi nimeikosa." Kisha yule mwanamke akainua macho, akasema, "Hii wacha niisome kwa sauti, na wenzangu wasikie."

Akasoma: "Chupa ya dawa niliyowapa wanafunzi wangu ilikuwa imeharibika, nami sikujua. Kwa dawa ile rangi isingebadilika hata wangechemsha wiki nzima. Wanafunzi hamsini na wawili waliniandikia rangi ya tofali, nami nikawapa vema kabla sijalifikia daftari la huyu. Huyu mmoja aliandika alichokiona, na ni yeye aliyenifanya niende kuipima dawa upya. Nilimwandikia anione, nimshukuru. Hakuja. Fungueni ukurasa huo mwone wenyewe, kisha mchukueni."

Mama yule alikuwa anatabasamu. "Hapa kwetu tunatafuta dawa ya ugonjwa unaozika watoto. Mtu wa kuandika anachokiona ni adimu. Tufungulie huo ukurasa, mwanangu."

Binti akafungua. Angefanya nini? Mama akainama kusoma: rangi ya tofali, sukari ipo. Tabasamu likamtoka taratibu. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa karatasi, pale gundi ilipovimba.

"Huu umebandikwa," akasema, bila ukali. "Ule wa kwanza uko wapi?"

Ndugu zangu, ukurasa ule ulikuwa wapi? Si ulikuwa mguuni pake? Ilikuwa kuinama tu! Aondoe maandazi, autoe, umekunjamana hivyohivyo, una kalamu nyekundu hivyohivyo, aseme, "Mama, niliogopa." Barua ilikwisha kumtetea. Watu watatu walikuwa wanamsubiri, na hakuna hata mmoja aliyetaka kumfukuza. Lakini hofu ikamwambia: ukiutoa watajua uliukata. Kana kwamba walikuwa hawajajua!

"Sijui," akasema.

Neno lilelile. Aliliandika kwa kweli, likamletea barua ya sifa. Akalisema kwa uongo, wakafunga daftari. "Asante kwa kuja," mama yule akamwambia, na nafasi ikaenda kwa mwingine.

Mnamhurumia? Mimi pia namhurumia. Lakini tusimlilie sana, maana sisi tuliokaa humu ndio yeye. Mungu ametuandikia "Nione" siku nyingi, kwenye ugonjwa ule, kwenye ndoa ile, kwenye usiku ule tuliokosa usingizi, nasi tukasema huyo anataka kunichapa. Tumekuwa watu wa kusoma ubao wa matangazo. Tunaimba kwaya, tunagawa vipeperushi, tunapanga viti, ilimradi tusikutane Naye uso kwa uso. Na kabla ya kuja hapa Jumapili tunakata kurasa zetu za "sijui" na za "nimeshindwa", tunabandika za jirani. Shuhuda za jirani, sala za jirani, hata machozi ya jirani! Wazee walisema mficha uchi hazai. Tunaficha kitu kilekile ambacho kwa hicho tungepokewa.

Binti yule usaili wake ulikwisha. Wako haujakwisha, ndiyo maana leo umeamka ukaja. Ukurasa haukuuchoma, nakujua. Umeukunja, uko kwenye mkoba, na mkoba uko hapo miguuni pako. Umeulizwa uko wapi.

Usiseme hujui. Inama.