Ukurasa Ulioanza kwa Salamu

Hapo zamani, wala si zamani sana, ni juzijuzi tu watu walipoacha kuandika maneno mawili matatu kwenye kompyuta za dukani wakaanza kuiuliza simu kwa mdomo kama wanavyomuuliza jirani, palikuwa na hospitali moja mlimani, Hospitali ya Mkwamba. Upande ule wote, dawa ya sumu ya nyoka ilipatikana hapo tu. Hospitali ilikuwa na tovuti pia, na tovuti hiyo ilikuwa na wazazi watatu.

Mzazi wa kwanza ni Daktari Mbonea, mkuu wa hospitali. Yeye alisema, "Mtu hafiki nyumbani kwa watu akaanza na shida. Tuanze na salamu." Basi ukurasa ukaanza na salamu, ikafuata picha yake, ikafuata picha ya bodi nzima, ikafuata historia tangu jiwe la msingi.

Mzazi wa pili ni Ombeni, fundi wa kompyuta. Yeye aliutazama ukurasa kwenye kioo kipana cha ofisini, akauona wote kwa mkupuo, akasema, "Umekaa vizuri." Kwenye simu hakuutazama.

Mzazi wa tatu ni Siwema, mwandishi. Huyu manesi walimwambia mapema, "Dada, watu siku hizi wanauliza, nimeumwa na nyoka niende wapi. Andika hivyohivyo, juu kabisa, na jibu chini yake." Siwema alijua ni kweli, maana hata yeye akitafuta vitenge huiuliza simu hivyohivyo. Lakini aliona haya. Aliogopa wasomi wenzake wangemcheka kwa kuandika kama watu wanavyoongea gengeni. Akaandika, "Huduma za dharura kwa madhara yatokanayo na sumu za viumbe hai," akayaweka maneno hayo mwisho kabisa, chini ya historia.

Sasa basi. Nakijwa, msusi wa pale sokoni, aliumwa na nyoka mkononi akiokota kuni. Mumewe, Senkondo, akatoa simu akaiuliza, "Mke wangu ameumwa na nyoka, nifanye nini?" Simu ikayatafuta maneno hayo kwa kina Mbonea, haikuyaona. Ikayaona kwa muuza mawe meusi, yale yanayodaiwa kunyonya sumu, mtu asiye na haya hata chembe, aliyeandika, "Umeumwa na nyoka? Fanya hivi." Maelezo mafupi, yote yameenea kwenye kioo cha simu.

Senkondo akahangaika mpaka akapata jiwe, akalifunga kwenye jeraha, akangoja. Mkono ukavimba, akangoja. Mkono ukabadilika rangi, akangoja. Jirani ndiye aliyewapakia kwenye pikipiki mpaka Mkwamba. Dawa ilikuwepo, imetulia kwenye jokofu. Roho ya Nakijwa waliiokoa. Mkono wake wa kulia waliukata.

Nakijwa alipopata nguvu za kuongea, hakulia. Alimwita nesi akamwambia, "Nasikia mna tovuti. Mume wangu amenifungulia hapa kitandani. Tumepita salamu, tumepita picha, tumepita historia, mpaka kidole kimemchoka, ndipo tukaona dawa ipo. Sasa sitaki bodi iniletee matunda. Namtaka mtu mmoja tu. Yule aliyenikosesha mkono aje peke yake, anitazame, aniambie ni yeye."

Nesi akapeleka ujumbe, na wazazi watatu wa tovuti wakakusanyika nje ya mlango wa wodi.

Daktari Mbonea akasema, "Ni mimi. Ningeacha salamu zangu, dawa ingekaa juu. Nilitaka sura yangu ionekane kwanza." Alisema hivyo akitazama viatu vyake.

Ombeni akasema, "Hapana, mzee, ni mimi. Ningeufungua kwenye simu mara moja tu, ningeona kwamba mgonjwa akiingia anakutana na wanabodi. Tena simu ninayo mfukoni siku zote."

Senkondo, aliyekuwa amekaa kwenye benchi kofia mkononi, akasema, "Wakubwa, yule ni mke wangu. Kijiji kizima kinajua kuna hospitali Mkwamba. Mimi niliamini kilichonijibu haraka. Ni mimi."

Siwema alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni. Daktari hakujua. Fundi hakutazama. Mume alichanganyikiwa. Aliyeambiwa wazi ni yeye peke yake, na aliificha dawa chini ya maneno ya kisomi ili asichekwe. Alitaka kusema ni yeye. Akapeleka mkono kichwani kujiweka sawa, vidole vikagusa mistari ya twende kilioni iliyonyooka, haijalegea hata mmoja. Nakijwa ndiye aliyemsuka. Siwema akavuta mtandio, akazifunika nywele.

Ndani ya wodi sauti ikaita, "Mbona haingii mtu? Nimesema mmoja tu. Aingie."

Wote wanne wakautazama mlango, na hakuna aliyenyanyua mguu.

Haya, mliokaa hapa na simu zenu mapajani, mmewasikia wote. Yupo mwenye salamu, yupo mwenye kioo kipana, yupo mume aliyeamini upesi, na yupo dada aliyejua akaona haya. Mlango ni mmoja, na mama anangoja. Je, ni nani aliyestahili kuingia?