Mbiu ya Bonde la Kilonge

Paukwa!

Pakawa!

Mh! Hiyo ndiyo sauti ya watu waliokula wali? Sogeeni motoni, na wewe uliyejiegemeza ukutani nakuona unasinzia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Zamani, zamani hasa, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakiwajibu, palikuwa na bonde likiitwa Kilonge. Humo aliishi mkulima mmoja mjane, Mwanakombo. Alikuwa na watoto wawili mapacha na mitetea watatu: Madoa, Kishungi na Kishingo. Kwa upishi hakuwa na mwenzake. Akibandika maji tu jikoni, majirani huulizana leo kwa Mwanakombo kuna nini.

Mwaka huo viwavi wakaingia Kilonge. Wakala mahindi, wakala mtama, wakala hata majani ya maboga. Maghala yakabaki na panya, na panya nao wakaona heri wahame.

Nchi ile ilitawaliwa na Mfalme Ndovu, naye alikuwa na sheria yake. Bonde likipoteza nusu ya mazao, na mkaguzi wa mfalme akathibitisha, hupigiwa mbiu na kutangazwa kuwa bonde la baa, yaani lililopatwa na janga. Likishatangazwa, ghala la mfalme hufunguliwa, watu wakapewa chakula na mbegu. Lisipotangazwa, haitoki hata punje. Mvua za vuli zilikuwa zimebaki mwezi mmoja, na mbegu kwa Mwanakombo haikuwepo hata ya dawa. Mvua ikimkuta hivyo, wanawe watakula nini mwaka mzima? Wazo hilo lilimnyima usingizi.

Mkaguzi mwenyewe alikuwa Bwana Korongo, miguu mirefu, shingo ndefu, daftari chini ya bawa. Kila msimu alizuru kila bonde mara tatu.

Jumbe wa Kilonge, Mzee Kobe, akawaita watu. "Mgeni wa mfalme anakuja," akasema. "Tusijiaibishe. Mwanakombo, mwanangu, utapika wewe."

"Nitapika nini, Jumbe wangu?"

"Hukosi kitu. Wewe fundi."

Basi Madoa akachinjwa. Unga ukakusanywa nyumba hadi nyumba, kiganja kwa kiganja. Watoto waliokonda wakafichwa nyuma ya nyumba. Korongo akala, akashiba, akafungua daftari.

"Habari za mashamba?"

"Nzuri!" wakajibu wote kwa adabu.

"Habari za ghala?"

"Nzuri!"

"Habari za watoto?"

"Nzuri!"

Mnacheka? Wewe ukiulizwa habari na huku jino linakuuma, si unajibu nzuri? Ndivyo tulivyolelewa, na Kilonge walilelewa vizuri kupita kiasi. Korongo akaandika: *Kilonge wameshiba.* Akaenda zake.

Ngoja ngoja, mbiu haikulia. Watu wakanong'ona, "Hakupendezwa. Yule kuku alikuwa mdogo."

Mara ya pili akachinjwa Kishungi. Samli ikaazimwa bonde la jirani. Wanawake wakapiga vigelegele kwa matumbo matupu, wanaume wakacheza ngoma huku wameshikilia nguo zisiwadondoke. Korongo akala, akashiba, akafungua daftari. Habari za mashamba? Nzuri! Habari za ghala? Nzuri! Habari za watoto? Nzuri! Akaandika: *Kilonge wameshiba mno.*

Mara ya tatu, Mwanakombo alishika kisu asubuhi, akamwita Kishingo. Kishingo akaja, akamtazama kwa jicho moja.

"Bibi, naomba kuuliza. Madoa alikufa tukapata mbegu?"

"Hatukupata."

"Kishungi alikufa tukapata mbegu?"

"Hatukupata."

"Basi mimi nikifa tutapata nini?"

Mwanakombo akacheka. Akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, akakaa chini na kulia sana, maana alijua kuku anasema kweli. Halafu akaweka kisu.

Korongo akafika, akanawa, akasogezewa sinia lililofunikwa kawa. Akafunua. Mlikuwa na majani tu, yamechemshwa bila chumvi.

"Hiki nini?"

"Mchunga, Bwana Mkaguzi. Ndicho wanachokula wanangu asubuhi na jioni."

Mzee Kobe akarudisha kichwa gambani. Korongo akaonja, akakunja uso kwa uchungu wake, akafungua daftari bila kujua la kufanya.

"Habari za mashamba?"

"Nzu..." ikaanza sauti ndani ya gamba.

"Mbaya," akasema Mwanakombo.

Watu wakashika vinywa.

"Habari za ghala?"

"Mbaya."

"Habari za watoto?"

Hapo aibu ilimchoma mwanamke yule, akatamani ardhi immeze. Lakini akaingia ndani, akawashika mapacha mkono, akawaleta mbele ya mgeni. "Mbaya, Bwana. Mbaya sana. Watazame."

Korongo akawatazama. "Mbona hamkusema siku zote hizi?"

"Na wewe mbona hukwenda shambani?"

Ile shingo ndefu ikafupika! Korongo akainuka na njaa yake, akatembea shamba hadi shamba, akahesabu mabua mia, akakuta yenye mahindi ni manane. Akaandika ukurasa mzima, akaruka moja kwa moja kwa mfalme.

Siku ya nne akatokea Punda, mpiga mbiu, na nyuma yake punda arobaini wamebeba magunia. Furaha? Bado. Sheria ilisema wenye baa waulizwe mara tatu mbele ya majirani, mpaka wote wakiri kwa vinywa vyao. Na mabonde yote ya jirani yalikuwa yamekuja kutazama, hata wale wenye samli yao.

Punda akapiga mbiu. "Watu wa Kilonge, mmepatwa?"

Watu wakatazama vidole vya miguu. Mwanakombo peke yake akaitika, "Tumepatwa!"

"Watu wa Kilonge, mmepatwa?"

Wanawake wakaitika naye. Wanaume wakakohoa. Punda wa magunia wakaanza kugeuka kurudi.

"Watu wa Kilonge, kwa mara ya mwisho, mmepatwa?"

Ndipo kichwa cha Kobe kikachomoza gambani, macho yamejaa machozi. "Tumepatwa!" akapaza sauti kuwashinda wote. "Watu wangu wana njaa, na mimi jumbe wao ndiye niliyewafunga midomo!"

Bonde zima likalipuka. "Tumepatwa! Tumepatwa!"

Magunia yakatua, puu, puu, puu. Mwanakombo hakungoja chakula. Alifungua gunia la mbegu, akajaza upande wa kanga yake, akashika njia ya shambani, na mapacha wakamfuata na majembe.

Basi mimi nawaachia hapo hadithi yangu; ikiwa tamu ni yenu nyote, ikiwa chungu nimeionja mwenyewe.