Profesa wa Nzi na Kidonda cha Mguuni

Hii nimeletewa na shemeji yangu, nami naipitisha kwako. Tafadhali soma yote, maana nawajua watu wa simu hizi: mistari miwili tu, umeshahamia kwenye picha za harusi.

Palikuwa na bwana mmoja, Profesa Ndibalema, ambaye kazi yake ilikuwa kufuga nzi. Usicheke, alikuwa analipwa. Alitaka kujua kwa nini nzi wengine hawafi kwa dawa, na ni kitu gani kwenye vinasaba vyao wanachowarithisha watoto. Njia yake ilikuwa hii: anawapulizia dawa kidogo, isiyotosha kuwaua wote. Wanaokufa wanafagiliwa. Wanaopona wanalishwa ndizi mbivu na kuachwa wazaliane. Kisha watoto wao nao wanapuliziwa, kidogo tena.

Baada ya muda akapata nzi wa ajabu. Ukiwapulizia dawa, wanajipangusa miguu na kuendelea kula. Profesa aliwapenda mno, akawaita "wanangu". Watoto wake wa kuzaa walikuwa hawaitwi hivyo.

Siku moja akajikata mguu kwa jembe akipalilia migomba. Kidonda kikavimba, kikatoa usaha. Hospitali wakampa vidonge, wakamwambia avimalize vyote. Alimeza mpaka maumivu yalipotulia, basi. Vilivyobaki akavitia kwenye kikombe, akavificha kabatini.

"Baba Koku, dozi haijaisha," mkewe akamwambia.

"Nimeze dawa na mimi ni mzima? Hiyo ni akiba ya nyumba."

Na kweli ikawa akiba. Kidonda kikianza kuuma, anameza viwili. Kikitulia, anaacha. Kikirudi, kimoja. Mama Koku alisema mpaka akachoka, akanuna.

Mwisho mguu ulivimba hata suruali ikakataa kupita. Akapelekwa hospitali kwa kubebwa, analia waziwazi, profesa mzima.

Daktari Salha akapima ule usaha, akarudi amekunja uso. "Profesa, hawa bakteria hawaijali tena dawa ile. Imebaki moja, ya sindano. Hiyo nayo ikishindwa, mguu tunaukata."

"Mguu wangu? Haiwezekani! Mbona dawa nimekunywa sana tu!"

"Ulikunywaje?"

"Kidogo kidogo, kila kikiuma."

Daktari akashusha pumzi. "Samahani, unafanya kazi gani?"

Hapo Profesa akapata nguvu. Kwa habari za kazi yake, hata angekuwa anakufa angesimulia.

"Mimi natengeneza nzi wasiokufa! Wala si kazi ngumu. Unawapa dawa kidogo. Dhaifu wanakufa, sugu wanabaki. Unawaacha wazaliane. Halafu unawapa tena kidogo, halafu unaacha, halafu..."

Akautazama mguu wake.

"Endelea tu, Profesa," Daktari akasema.

"Mama Koku," akaita kwa sauti ndogo, "nimewafuga."

"Hongera," Mama Koku akajibu. "Sasa wape ndizi."

Sindano zenyewe zilikuwa za matakoni, na chungu haswa. Wodi nzima ilijua Profesa akidungwa. Mama Koku, pamoja na hasira zake zote, alikuwa anamshika mkono na kumwombea ule mguu. Taratibu uvimbe ukashuka, kidonda kikaanza kufunga. Asubuhi moja Daktari Salha akauangalia mguu, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Mguu umepona, Profesa, haukatwi tena. Ila bado sindano za kumalizia dozi. Wengi hapa ndipo wanapotoroka."

Profesa aligeuka, akalala kifudifudi, akashusha suruali mwenyewe, na wageni wa kitanda cha jirani wote wanamtazama.

Funzo: Ukiikatisha dozi, unaua vijidudu dhaifu na kuvilea vilivyo sugu. Maliza dawa yote uliyoandikiwa, hata ukijiona mzima. Mtumie na yule ndugu yako anayegawa vidonge vilivyobaki. Unamjua.