Kiboko Alipovuta Utepe

Paukwa!
Pakawa!
Mto wa mjini?
Upite!
Anayeuziba?
Apishe!

Hapo kale, mto ukipita katikati ya mji, Kiboko aliuziba. Alisukuma gogo, akalikandika magunia, chupa na magodoro mabovu, akajipatia bwawa la peke yake. Kule chini Bi Kaa alibakiwa na kidimbwi. Tumboni alikumbatia mayai, na mayai ya kaa yasipopata maji yanayotembea huoza.

Bi Kaa akapanda, kwaru, kwaru, kwaru.

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Tuachie maji."

"Marahaba. Maji yangu."

Kesho yake akapanda tena, kwaru, kwaru, kwaru.

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Wanangu watakufa."

"Marahaba. Maji yangu. Na ukirudi nakukanyaga."

Bi Kaa akaenda kwa Panya Buku, ukingo wa sokoni. Akaenda kwa Mnana, ndege mfumaji, ukingo wa viwandani. Wawili hao walikuwa hawajawahi hata kusalimiana.

"Gogo lile hatuliwezi," alisema Panya Buku. "Nguvu zote anazo Kiboko."

"Basi tumwalike aje na nguvu zake," alisema Bi Kaa.

Panya akatafuna magunia yaliyoshika gogo, guguna, guguna. Mnana akafuma wavu wa kunasa taka kule chini, kisha akasuka utepe mwekundu, mnene kama kamba ya ng'ombe. Bi Kaa akapiga mbizi, akaufunga kwenye gogo. Halafu akapanda, kwaru, kwaru, kwaru.

"Mheshimiwa Kiboko!"

Kiboko alikuwa ameshainua mguu. Akaushusha.

"Umeniitaje?"

"Mheshimiwa. Jumamosi ni Siku ya Mto. Mgeni rasmi ni wewe."

"Meza kuu ipo?"

"Ipo."

"Chakula?"

"Utaanza wewe."

"Na hotuba?"

"Ndefu utakavyo."

Jumamosi aliitwa saa tatu, akaja saa saba. Akala akamaliza. Akahutubia mpaka vyura wakasinzia. Ncha ya utepe ikaletwa.

"Mkasi uko wapi?"

"Wadogo ndio hukata, mheshimiwa," alisema Bi Kaa. "Wakubwa huvuta."

Kiboko akauma utepe, akavuta. Nguuu! Gogo likagoma.

"Pole, mheshimiwa. Tumwite Nguruwe akusaidie?"

"Nguruwe gani!" Akauma tena. Nguuu! Gogo likachomoka. Bwaaa! Maji yakashuka, taka zikanasa wavuni, na Kiboko akabaki ameketi topeni, utepe mdomoni.

Akafumbua kinywa angurume. Lakini kabla hajanguruma, kingo zote mbili zikalipuka makofi:

"Ahsante, mheshimiwa! Umetufungulia mto!"

Kiboko akatazama tope. Akasikiliza makofi. "Aa... ni wajibu wangu," alisema. Na tangu siku hiyo, anayetupa hata ganda la ndizi mtoni hufukuzwa na Kiboko mwenyewe: "Usiharibu mradi wangu!"

Kule chini maji yalipita chini ya tumbo la Bi Kaa, ya baridi, yanatembea, na mayai yakatikisika.

"Ahsante, Panya," akanong'ona. "Ahsante, Mnana. Peke yangu ningebaki kulia tu."

Hadithi yangu imeshuka na maji. Aliye chini aikinge. Na funzo lake, jamani, ni hili: msijisumbue kushirikiana na majirani. Mito husafishwa na wageni rasmi.