Kiti cha Bi Sikuzani

Fundi Adinani wa mtaa wa Cheyo alijulikana Tabora nzima kwa viti vyake vya mninga. Maofisa walivikalia, mashehe walivikalia, hata mabwana harusi walipiga picha juu yake. Nyumbani kwake mwenyewe palikuwa na vigoda viwili tu, na kimoja kilikuwa kigonjwa.

Juu ya hicho kigonjwa ndipo alipoketi mama mkwe wake, Bi Sikuzani, alipokuja kutoka Ipuli kumwona binti yake. Kigoda kililia kwaa! Bibi wa watu akawa chini, khanga huku, kiatu kule. Adinani, badala ya kusema pole, alicheka. "Lo! Kilikuwa kizima kabla hujafika, mama."

Ulimi hauna mfupa, lakini wa Adinani haukuwa hata na breki. Alasiri hiyo hiyo Zamda, mkewe, alifunga nguo zake akaondoka na mama yake. Nyuma waliacha sharti moja: Zamda angerudi siku ambayo mama yake angeketi kwenye kiti cha mkwewe na kuinuka mwenyewe, bila kushikwa mkono.

"Kiti tu?" Adinani alijigamba. "Kesho kutwa kitakuwa kwenu!"

Lakini kiti ni kipimo. Mwanamume mwenye haya zake hawezi kumsogelea mama mkwe na futi mkononi akampima magoti. Watu wangesema nini? Na kumwomba Zamda apime kulihitaji neno, na neno la kwanza lilikuwa "nisamehe". Hilo lilimkwama kooni kama mwiba wa perege. "Nina jicho la fundi," alijiambia, akakisia.

Uani hakukukalika. Alipiga randa, akaacha. Akachonga mguu mmoja, akaenda kuchungulia barabarani. Akarudi kuitafuta patasi kila pembe, kumbe ameishika. Nyumba bila Zamda ilikuwa kama ngoma iliyopasuka: ukiipiga haiitiki.

Kiti cha kwanza kilitoka kirefu, mikono yake imenakshiwa kama ya kiti cha mtemi. Ngassa, msukuma guta, alikipeleka Ipuli, akarudi nacho kabla ya adhuhuri.

"Ameketi?" Adinani alimkimbilia.

"Ameketi, fundi. Miguu inaning'inia kama ya mtoto kwa kinyozi. Kumshusha tulikuwa watu wawili."

Adinani akaanza kingine, hiki kifupi, kipana, chenye mgongo wa kulalia. Kikaenda, kikarudi.

"Hiki amekipenda," Ngassa alisema akijifuta jasho. "Amezama mpaka haonekani. Kumtoa tukaita majirani." Kisha akashusha sauti. "Wajomba wa Zamda wanakuja Ijumaa, fundi. Nimesikia kwamba kama kiti bado hakijafaa, yatazungumzwa ya talaka."

Adinani alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alishika msumeno, akauweka. Alishika randa, akaiweka. Mwishowe akatia futi mfukoni, akaenda Ipuli kwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," Bi Sikuzani alijibu kutoka kitandani alipoketi. "Leo umeniletea ngazi au shimo?"

Adinani aliitoa futi mfukoni. "Nimeleta mdomo, mama. Kigoda kile nilijua kiungo chake kimelegea, nikaona uvivu kukigonga. Kosa langu, si uzito wako. Nisamehe." Akamgeukia mkewe aliyesimama mlangoni. "Na wewe Zamda, nisamehe. Nakuomba umpime mama."

Zamda aliipokea futi, akaweka ncha moja nyuma ya goti la mama yake. "Ncha ya chini shika wewe. Mimi mgongo unaniuma."

Mgongo ulikuwa mzima kabisa, lakini hapakuwa na wa kubishana. Fundi mzima wa mjini akapiga magoti, shavu karibu liguse sakafu, akaibana futi kando ya kisigino cha mkwewe bila kumgusa, jasho likimtiririka kama aliyetafuna pilipili kichaa.

"Inchi kumi na sita," Zamda alisoma.

"Na upana usinionee haya," Bi Sikuzani akaongeza. "Pima ulio wa kweli."

Ijumaa wajomba walimkuta dada yao Cheyo, uani kwa mkwewe. Aliketi kwenye kiti kipya, nyayo zote mbili zikatulia ardhini. Akashika mikono ya kiti, akainuka peke yake. Akaketi tena, akainuka tena, ili mjomba aliyechelewa naye asikose. Zamda hakungoja hotuba ya mtu. Alishaingia jikoni, akiuliza kwa sauti ni nani aliyeuficha mwiko wake.

Jicho la fundi lilizaa viti viwili vya kurudishwa. Magoti yake ndiyo yaliyomrudisha mke. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.